Lodi Nayo Ipimwe: Hotuba kwa Mafundi Waliokutana Jinja

Haya ndiyo niliyoyasema mbele ya mafundi wa redio, sola na betri waliokusanyika Jinja. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro ya ukutani nimeiacha.

Wazee wangu, mabwana na mabibi, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa sakafuni huko mbele kwa sababu viti vimeisha: hamjambo?

Hamjambo tena? Haya, sasa nimesikia.

Naona wengine mmetoka Busia, wengine Bombo, na tuna wageni wa Kisumu na Mwanza, ndiyo maana leo naongea Kiswahili. Nyinyi wa Kampala mnaopenda kutania kwamba Kiswahili ni lugha ya kizuizi cha barabarani, vumilieni. Leo hakuna atakayeulizwa leseni.

Nianze kwa kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na karakana ya chumba kimoja. Mama mmoja mfanyabiashara akaniletea pawasaplai 12, kila moja ya volti 12 na ampea 10, alizonunua ili auze. Alitaka jibu la neno moja: nzima au mbovu? Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kuunda lodi yangu ya elektroniki, chombo cha kuvuta umeme kwa kipimo ili kupimia betri na pawasaplai. Mnajua fundi anavyokipenda kitu alichokiunda kwa mikono yake. Hakina kasoro! Nikaunganisha pawasaplai ya kwanza, nikaiambia lodi ivute ampea 5, nikaweka kwenye volti probu (waya wa kupimia) ya osiloskopu, kile chombo kinachochora umeme kama mstari kwenye skrini. Mstari uliotakiwa uwe mwembamba ulikuwa mnene kama kamba ya mkonge. Nilipoupanua nikakuta mawimbi: volti moja na nusu toka bondeni hadi kileleni, makumi ya maelfu kwa sekunde. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Zote 12 vilevile. Nikampigia simu nikamwambia, "Mama, umeuziwa takataka." Akazirudisha kwa aliyemuuzia, wakatupiana maneno, urafiki wa kibiashara wa miaka ukaishia hapo.

Sasa niwaulize. Wagonjwa 12 wana ugonjwa mmoja, na kipimo kilichowapima ni kimoja. Mgonjwa ni nani?

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka, na swali hilo sikujiuliza.

Wiki mbili baadaye nikaipata tena pawasaplai ya aina ileile. Safari hii, kwa sababu lodi nilikuwa nimemwazima mtu, nikachukua balbu ya taa ya gari, ile ya wati 55, inayovuta karibu ampea 5. Mstari ukanyooka kama uzi wa mwashi. Lodi iliporudi nikaiunganisha: kamba ya mkonge. Nikarudisha balbu: uzi. Lodi: kamba. Nikakaa kwenye stuli. Nyani haoni kundule, na nyani mwenyewe nilikuwa mimi.

Muuza maharage sokoni mizani yake hukaguliwa na kubandikwa stika ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na mnunuzi akiikosa stika ile ana haki ya kutia shaka. Sisi je? Lodi zetu, tunazotumia kuhukumu betri za watu na chaja za watu, nani amezikagua?

Kwa vijana ambao hawajaigusa: lodi ya elektroniki ni mlaji wa umeme anayetii. Unamwambia ale ampea 5, anakula ampea 5, volti ziwe 14 au ziwe 11. Balbu haina utii huo. Ikiwa baridi inameza mara kama kumi ya kiwango chake, ikipata moto ndipo inatulia. Ndani ya lodi kuna vitu vitatu vya msingi. Kuna mosfeti, ambayo ni bomba. Kuna shanti, rezista ndogo sana inayoonyesha ni mkondo kiasi gani unapita. Na kuna opampu, msimamizi anayelinganisha kinachopita na kilichoamriwa, halafu anafungua au kufunga bomba. Ukiongeza kompyuta ndogo ya kutoa amri, umepata lodi ya kupangwa: ampea 1, kisha 5, kisha 1, mara elfu kwa sekunde ukitaka.

Na kwa nini irukeruke? Kwa sababu walaji wa kweli wanarukaruka. Kompresa ya friji inaanza kwa kishindo. Redio ya mawasiliano iko kimya inakula kidogo, mtu akibonyeza kitufe cha kuongea inakula mara nyingi zaidi papo hapo. Pawasaplai inayoonekana mtulivu kwenye mita inaweza kuzirai kwa mruko mmoja kama huo, na mita haitakuambia. Lakini ili uone pawasaplai inavyoupokea mruko, lodi lazima iruke kwa kasi kuliko pawasaplai, na itue bila kuyumba. Kasi na utulivu. Hayo mawili yanagombana, na ugomvi wenyewe ndio ninaotaka tuutazame.

Wangapi hapa mlitumwa maji utotoni? Inueni mikono. Karibu wote.

Basi mnaijua hii. Mpira mrefu wa maji unatoka bombani hadi nyuma ya nyumba. Mdogo wako yuko bombani, wewe uko kwenye jerikeni. Maji yakikaribia shingo unapaza sauti, "Funga!" Anasikia, anageuka, anafunga, na wakati huo maji yameshamwagika miguuni mwako. Sasa fikiri umeambiwa uyaweke maji kwenye alama moja tu, huku mwingine anachota kwa chini. Yakishuka: "Fungua!" Yakipanda: "Funga!" Kadiri unavyopaza sauti kwa pupa ndivyo yanavyopanda na kushuka zaidi, kwa sababu amri yako ya "funga" inafika bombani wakati maji yameshaanza kushuka yenyewe. Mtoto si mzembe, wewe si mjinga, bomba ni zima. Lakini maji yanacheza, na yatacheza hadi mmoja wenu achoke.

Opampu ndiyo wewe mpaza sauti. Mosfeti ndiyo bomba. Mtoto anayechelewa ni nani? Ni geti ya mosfeti, mguu wake unaopokea amri. Geti ina tumbo la kujazwa chaji, na mosfeti kubwa tunazotumia kwenye lodi tumbo lake hufika nanofaradi 4. Ukilijaza kupitia rezista ya omu 100, inachukua mikrosekunde 0.4 hata kufika karibu theluthi mbili ya safari. Ni kidogo? Kwa opampu yenye pupa, ni muda mrefu. Ongeza uchelewaji wa opampu yenyewe, ongeza wa waya, na zikijumlishwa zikafika nusu ya wimbi, kila masahihisho yanatua wakati yanaongeza kosa badala ya kulipunguza. Hapo lodi inaimba, yaani mkondo unayumba bila kukoma.

Wenzetu waliteseka na jambo hili zamani. Mwaka 1927 mhandisi wa Marekani, Harold Black, alikuwa kwenye kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini. Mnaovuka kwenda visiwa vya Ssese mnajua jinsi kivuko kinavyompa mtu muda wa kuwaza. Wazo likamjia la kukirudisha kipande cha kinachotoka kwenye amplifaya, kikapinge kinachoingia, ili amplifaya ijisahihishe yenyewe. Akalichora juu ya gazeti alilokuwa nalo mkononi. Lilikuwa wazo lilelile linaloendesha lodi zetu. Lakini hataza yake ilitoka mwaka 1937, zaidi ya miaka 9 baada ya kuiomba, maana watu walishindwa kuamini kwamba kitu cha namna hiyo hakitalia chenyewe. Na hofu yao ilikuwa na msingi! Mhandisi mwenzake, Harry Nyquist, ndiye aliyeonyesha mwaka 1932 kwa hesabu ni lini kitalia na ni lini hakitalia. Mimi nikiona fundi wa leo anaamini lodi yake kwa sababu tu taa inawaka na feni inazunguka, nawakumbuka wale waliokaa miaka 9 wakitia shaka.

Tuje kwenye kupima kasi, na hapa nina kisa cha Katwe, mtaa wa Kampala.

Kijana mmoja wa Katwe, fundi hodari kwelikweli, ananishinda kwa kulehemu, aliniita nione lodi yake. "Mzee, inaruka kwa mikrosekunde moja." Nikaenda. Kwenye skopu kulikuwa na mruko mzuri, ukuta wima, kona kali. Nikafuata waya wa probu kwa kidole, polepole, hadi mwisho wake. Probu ilikuwa kwenye waya wa amri! Alikuwa anaipima amri inayotoka kwenye kompyuta ndogo. Mkondo wenyewe hakuwa ameugusa. Tukahamisha probu kwenye shanti. Mikrosekunde 40, na mwanzoni kimya cha karibu mikrosekunde 13 bila kitu chochote kutokea.

Kimya kile kilitoka wapi? Opampu yake ilikuwa LM358, ile inayopatikana kila duka. Ni opampu nzuri kwa mambo mengi, lakini mwendo wake ni kama volti 0.3 kwa kila mikrosekunde. Mosfeti haianzi kupitisha hadi geti ifike volti 4 hivi. Gawanya 4 kwa 0.3. Ndiyo mikrosekunde 13 zako hizo, zimekwisha kwenye ngazi kabla hujafika mlangoni. Ndiyo maana nasema usipime mruko kutoka sifuri kisha ukadhani umeijua lodi. Ianzishe ikiwa inakula kidogo, tuseme ampea 1, geti iwe imeshaamka, halafu irushe hadi 5. Kisha pima na ile ya kutoka sifuri, uzijue zote mbili, maana ni tabia mbili tofauti za mnyama mmoja. Na kasi hesabu kutoka asilimia 10 ya mruko hadi asilimia 90, usihesabu mwanzo na mwisho ambako mstari unajikokota. Ukitaka kuijua kwa masafa, gawanya 0.35 kwa muda huo: mikrosekunde 5 ni kilohezi 70. Basi.

Kijana yule hakukasirika. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa napima maneno yangu mwenyewe." Sentensi hiyo ningeibandika ukutani kwa kila mmoja wetu.

Lakini hata shanti inaweza kukudanganya, msikilize hapa vizuri. Chukua shanti ya omu 0.01. Ampea 10 zikipita unapata volti 0.1, yaani milivolti 100. Sasa shanti yoyote, hata ya kipande cha chuma bapa, ina induktansi kidogo, yaani ukaidi wa kupinga mkondo unaobadilika ghafla; tuseme nanoheneri 10, ambayo ni kama sentimita moja tu ya waya. Mkondo ukipanda kwa ampea 5 kila mikrosekunde, induktansi hiyo inatoa milivolti 50 za uongo wakati wa kupanda. Nusu ya kipimo chako kizima! Kwenye skopu utaona lodi imepitiliza alama, utahangaika kuitibu wiki nzima, na haikuwa na ugonjwa. Mimi nimewahi kuihangaikia. Rezista zile nyeupe za saruji ambazo ndani ni waya uliozungushwa ni mbaya zaidi. Kwa kupimia mruko wa kasi ziacheni. Na ule mkia wa probu, kijiwaya cheusi chenye klipu, ufupishe hadi uone aibu. Kabla ya kuamini chochote, gusisha ncha ya probu palepale klipu yake iliposhika, lodi ikiwa inaruka. Unatakiwa kuona mstari mtupu. Ukiona mawimbi, hayo yanatoka hewani, usimsingizie mtu.

Sasa waya. Hapa nitakaa, mnisamehe, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi na heshima nyingi za mafundi zinapopotelea.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kike karakanani, mwenye maswali mengi. Siku moja tunapima betri ya gari kwa mruko wa ampea 1 hadi 11, skopu inaonyesha volti zinaporomoka vibaya kila mruko, karibu zifike chini kabisa, kisha zinaruka juu na kulia kama kengele. Mimi nikatoa hukumu: betri imechoka. Yeye alikuwa anasafisha meza. Akazishika zile waya mbili zilizotanda, moja huku moja kule, akazisokota pamoja kama anavyosokota nywele, ili apate nafasi ya kufuta. Skopuni volti zikaacha kuporomoka vile. Akauliza, "Mwalimu, betri imepona?"

Ukumbi mzima unacheka, na alikuwa na haki ya kuuliza hivyo.

Hesabu yake ni hii. Mita moja kwenda na mita moja kurudi, waya zikiwa zimetawanyika mezani, ni kama mikroheneri 2. Mruko wa ampea 10 kwa mikrosekunde 2 ni ampea 5 kwa kila mikrosekunde. Zidisha: volti 10. Betri ya volti 12, waya zimekula 10, mlangoni kwa lodi zimebaki 2. Waya zikisokotwa, induktansi inashuka sana, na njaa inapungua. Betri haikubadilika hata kidogo.

Nyinyi wa Jinja mnalijua jambo hili bila kujua kwamba mnalijua. Hapo tu kuna Nalubaale, bwawa lililofunguliwa mwaka 1954. Tabaini ya maji ina gavana anayefungua na kufunga njia ya maji ili mzunguko usichoke wala kukimbia. Watu wa mabwawa watakuambia kitu cha ajabu: ukifungua njia ya maji ghafla, kwa kitambo kidogo nguvu inashuka kwanza kabla ya kupanda, kwa sababu maji kwenye bomba ni mzito na lazima yasukumwe yaanze mwendo. Ukifunga ghafla, maji yaliyo kwenye mwendo yanapiga bomba kama nyundo. Waya ni bomba hilo. Lodi ikifungua ghafla, volti mlangoni zinashuka. Ikifunga ghafla, zinaruka juu: zile volti 10 zinajumlika na 12 za betri, mosfeti inaona 22. Na kama mosfeti yako ni ya volti 20, kazi imekwisha. Gavana wenyewe ndio waliomfanya Maxwell wa Uskochi aandike mwaka 1868 hesabu za kwa nini vyombo hivi vinatulia au vinayumba. Kwa hiyo jambo letu si geni, ni la umri wa babu wa babu zetu.

Lakini subirini, bado hatujamaliza na ile njaa. Turudi kwenye volti 2 zilizobaki. Mosfeti, shanti na waya wa ndani tuseme vina robo omu kwa jumla. Ampea 11 zinahitaji volti 2.75. Zipo 2 tu. Opampu inaona mkondo haujafika, inafungua bomba. Haujafika, inafungua zaidi. Haujafika, inafungua hadi mwisho, hadi haina tena pa kwenda. Kisha waya zinatulia, volti zinarudi, na zinakuta bomba limeachwa wazi kabisa! Mkondo unafurika, unavuka 11, na opampu inaanza kushuka kutoka mbali, kwa mwendo wake wa pole. Mfano wake ni mtu aliyenyimwa chakula mchana kutwa: ukimletea sahani jioni usimtarajie ale kwa kipimo. Kilele kile mnachokiona kwenye skopu, wengi tunakitibu kwa kubadilisha kapasita za opampu. Dawa iko kwenye waya: zifupishe, zisokote, punguza kasi ya mruko hadi waya ziweze kuibeba. Na mlangoni kwa lodi weka rezista ya omu 1 au 2 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 1, zikingame kati ya chanya na hasi, zimeze ule mlio. Zina bei yake, jueni: mkondo unaopita kwenye kapasita hiyo haupiti kwenye shanti, kwa hiyo lodi haiuoni.

Na volti za pawasaplai pimeni kwenye milango ya pawasaplai yenyewe. Kwenye milango ya lodi mnapima waya.

Kupima utulivu, basi, napendekeza hivi. Kwanza mpe mlaji wako chanzo kisicho na ubishi: betri nzuri ya gari, waya fupi, na kapasita kubwa karibu na mlango. Kama inayumba hapo, ugonjwa ni wa lodi. Tuma mruko mdogo na utazame inavyotua. Ikipitiliza kidogo ikatulia, sawa. Ikipitiliza kwa asilimia 16 hivi, akiba yake kabla ya kuanza kuimba ni kama digrii 50 za wimbi lenye digrii 360, bado inaishi. Ikipiga mawimbi manne matano kabla ya kutulia, iko ukingoni, na siku ya joto au kwa chanzo kingine itaanguka. Kisha rudia kwenye ampea 1, ampea 5, ampea 10. Mbona turudie? Kwa sababu mosfeti inakuwa na pupa zaidi kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa. Lodi iliyotulia kwenye ampea 1 inaweza kuimba kwenye 8. Rudia na volti za chini na za juu, maana tumbo la mosfeti hupanuka volti zikiwa chache. Mwisho kabisa ndipo uipe vyanzo vyenye ubishi: waya ndefu makusudi, pawasaplai mbalimbali. Pawasaplai nayo ina msimamizi wake ndani, na wasimamizi wawili kwenye bomba moja ni mgogoro unaosubiri siku.

Mgogoro mkubwa kuliko yote ni ukiiambia lodi ivute wati badala ya ampea. Wati 60: kwa volti 12 inavuta ampea 5, volti zikishuka hadi 10 inavuta 6, zikifika 8 inavuta 7.5. Kadiri chanzo kinavyochoka ndivyo inavyokikamua. Inverta na chaja za kisasa zina tabia hiyohiyo, kwa hiyo kipimo hicho kina faida, lakini kifanyeni cha mwisho, kwa mwendo wa taratibu, mkono ukiwa karibu na swichi.

La joto nalipita haraka. Mosfeti ya IRFZ44N imeandikwa ampea 49 kwenye karatasi yake, na kuna watu humu wameamini. Ampea hizo ni za kuwasha na kuzima. Kwenye lodi inakaa nusu wazi, joto linajikusanya sehemu moja ndogo ya kipande cha silikoni, na inakufa ikiwa hata hitisinki, bati lake la kupozea, haijapata moto vizuri. Nimezika nyingi.

Lodi yangu ile, mtauliza, iliponaje? Rezista ya omu 100 kwenye geti, ambayo nilikuwa nimeisahau. Rezista ya kilo-omu 1 kutoka shanti hadi mguu wa kuingizia wa opampu wenye alama ya kutoa (−), na kapasita ya nanofaradi 1 kutoka mdomo wa opampu, yaani mguu inakotolea amri, kurudi mguu huohuo, ili pupa ipungue. Waya zikafupishwa. Kasi ilishuka, ndiyo. Nilikuwa najisifu kwa mikrosekunde 3, nikabaki na 15. Lakini 15 za kweli.

Halafu nikaenda kwa yule mama. Sikupiga simu, nilikwenda kwa miguu yangu. Nikamwambia, "Mama, zile pawasaplai zilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa kipimo changu." Alinitazama muda mrefu. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaagiza roleksi mbili, zile chapati zilizoviringishwa na mayai, tukala, na alipomaliza akapangusa mikono akasema, "Sasa utakwenda na mimi kwa yule bwana ukamwambie hivyohivyo." Tukaenda. Sitawasimulia yaliyosemwa kule.

Lodi yenyewe iko pale mezani, ile yenye feni ya kompyuta. Kuna betri ya gari, kuna balbu ya wati 55, kuna waya za mita mbili na za robo mita. Waliokuja na lodi zao, zileteni, tutaanza na yule kijana mwenye shati la bluu. Umeme ukikatika msitawanyike, skopu ina inverta yake.